Nafuu ya Kodi ya Sola Marekani, Kutoka Carter Hadi Trump

Tarehe 20 Juni 1979 Rais Jimmy Carter alipanda juu ya paa la Ikulu ya Marekani kuwaonyesha waandishi wa habari paneli 32 za sola. Hazikuwa za umeme, bali za kupasha maji moto. Alisema siku hiyo kwamba baada ya kizazi kimoja huenda zikawa kitu cha makumbusho, au zikawa mwanzo wa safari kubwa ya taifa. Yametokea yote mawili, na kilichoamua kwa kiasi kikubwa ni kifungu cha sheria ya kodi kilichozaliwa, kikafa, kikafufuliwa, kisha kikafa tena.

Kilizaliwa Novemba 1978. Wamarekani walikuwa hawajasahau mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipowanyima mafuta na magari yakapanga foleni kwenye vituo vya petroli. Carter akatia saini sheria iliyompa mwenye nyumba nafuu ya asilimia 30 kwa dola 2,000 za kwanza alizotumia kufunga mtambo wa sola, na asilimia 20 kwa dola 8,000 zinazofuata. Jumla haikuzidi dola 2,200. Mwaka 1980 nafuu ikapandishwa hadi asilimia 40, kikomo dola 4,000. Fedha hizi hazikupunguzwa kwenye mapato ya mtu kabla ya kupigiwa hesabu ya kodi; ziliondolewa moja kwa moja kwenye kodi yenyewe, dola kwa dola. Hapo ndipo utamu wake ulipokuwa.

Biashara ya kupasha maji kwa jua ikashamiri. Mafundi wazuri waliingia, na matapeli hawakubaki nyuma. Kisha ikafika tarehe 31 Desemba 1985, siku ambayo sheria iliiwekea nafuu hiyo kufa. Utawala wa Ronald Reagan haukuona sababu ya kuiokoa, na mwaka uliofuata bei ya mafuta ikaporomoka. Kampuni nyingi zilifunga milango, na mwenye mtambo ulioharibika akakosa fundi wa kumwita. Mwaka huo huo wa 1986 paneli za Carter zilishushwa paa la Ikulu lilipokuwa likitengenezwa, wala hazikurudishwa. Moja yake kweli imo katika makumbusho.

Mwenye nyumba alikaa miaka ishirini bila nafuu ya serikali kuu. Aliyeirudisha ni George W. Bush, mtu wa Texas aliyewahi kufanya biashara ya mafuta. Sheria aliyoisaini Agosti 2005 ilitoa asilimia 30, ila isizidi dola 2,000, wakati paneli za umeme za nyumba moja ziligharimu makumi ya maelfu ya dola. Ilikuwa pole zaidi kuliko msaada, tena ya miaka miwili tu.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi Bunge la Marekani linavyofanya kazi. Oktoba 2008 benki zilikuwa zikianguka, na wabunge wakawa wanatafuta kura za kupitisha sheria ya kuziokoa. Ndani yake wakapachika nyongeza ya miaka minane kwa nafuu ya sola, na kikomo cha dola 2,000 kikafutwa kuanzia 2009. Desemba 2015 ikawa zamu ya mafuta. Tangu 1975 Marekani ilikuwa imezuia kuuza nje mafuta ghafi, zuio lililotokana na uhaba ule ule uliomsukuma Carter. Wabunge wa upande mmoja walitaka zuio liondoke, wa upande wa pili walitaka nafuu ya sola na upepo iendelee. Wakabadilishana. Nafuu iliyoanzishwa ili nchi iepuke utumwa wa mafuta ikaokolewa na ruhusa ya kuyauza ng'ambo.

Lakini ilimfaidi nani? Severin Borenstein na Lucas Davis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza takwimu za nafuu za nishati safi za miaka hiyo. Moja ya tano ya wananchi wenye kipato cha juu kabisa walichukua takriban asilimia 60 ya fedha, na tatu ya tano za chini wakagawana kama asilimia 10. Sababu haijifichi: asiyedaiwa kodi hana cha kupunguziwa. Mstaafu mwenye pensheni ndogo aliweza kufunga paneli zile zile za jirani yake wakili na asipate kitu. Baadhi ya watu wa aina hiyo waliishia kukodi paneli kutoka kwa kampuni, na kampuni, kwa kuwa ndiyo mmiliki, ikachukua nafuu yake kupitia kifungu cha wafanyabiashara.

Katika hili nchi zetu zimefuata njia nyingine. Kenya humpunguzia mnunuzi dukani kupitia VAT. Na huko nako mambo hubadilika ghafla: msamaha wa vifaa vya sola uliondolewa 2020, ukarejeshwa 2021.

Huko Marekani, Agosti 2022 Joe Biden alisaini sheria iliyoirudisha nafuu, iliyokuwa imeanza kupunguzwa, kwenye asilimia 30 hadi 2032, na kuanzia 2023 betri za nyumbani nazo zikaingizwa. Kwa mara ya kwanza fundi na mteja walipewa miaka kumi ya kupanga mambo yao. Hawakufika hata minne. Tarehe 4 Julai 2025 Donald Trump alisaini sheria iliyoikata mwisho wa mwaka huo huo.

Mamlaka ya kodi imefafanua kwamba kinachohesabiwa ni siku ya kumaliza kufunga, si siku ya kulipa. Aliyelipa fedha zote Desemba 2025 na paneli zake zikakamilika Januari hapati hata senti. Kampuni zinazokodisha paneli hizo hizo zimeachiwa nafuu yao kwa muda zaidi. Ukiwa na ndugu Marekani anayeshawishiwa kufunga sola kwa ahadi ya asilimia 30, mwambie aulize kwanza asilimia hizo ni za nani.