Neno «mwenyeji» katika Masisi na Walikale

Sifa ya «mwenyeji» sheria za Kongo, zilizoandikwa kwa Kifaransa, huiita «autochtone», neno ambalo asili yake ni Kigiriki: aliyetokana na ardhi yenyewe. Katika Masisi na Walikale, maeneo ya Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, sifa hiyo imebeba uzito mkubwa kuliko maana hiyo. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Masisi, wafanye kazi mashambani na kupunguza msongamano kwao. Walipewa utemi wa Gishari katika ardhi ya kabila la Wahunde, uliofutwa 1957. Tangu hapo swali la nani mwenyeji likawa swali la nani amiliki ardhi na nani apige kura. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wengi wa wahamiaji hao, ile ya 1981 ikauondoa. Machi 1993 mapigano kati ya waliojiita wenyeji na watu wenye asili ya Rwanda yalizuka sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, maelfu waliuawa. Sheria ya 2004 iliweka uhuru wa 1960 kuwa kigezo cha uraia. Mbilikimo, wakazi wa kale zaidi wa misitu ya huko, walisahauliwa katika mabishano hayo. Sheria inayowalinda kwa jina la wenyeji ilitiwa saini Julai 2022.