Njia ya Baisikeli Baina ya Kariakoo na Magogoni

Baina ya soko la Kariakoo na kivuko cha Magogoni ni mwendo wa kilomita tatu hivi, na ardhi yote ni tambarare. Kwa maumbile yake, mji wa Dar es Salaam ulistahili kuwa mji wa baisikeli. Yaliyouzuia usiwe hivyo hayakutoka katika ardhi. Yalitoka katika mipango ya watu.

Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao Dar es Salaam mwaka 1891, wakaugawa mji kwa aina za majengo. Na kwa kuwa jengo lilikwenda na kipato cha mtu, mgawanyo huo ukawa wa rangi. Waingereza walioingia mwaka 1916 waliuendeleza. Wazungu walikaa karibu na ufuko, Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa vita, yaani Carrier Corps. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kiliachwa wazi kuwatenga. Basi aliyelala Kariakoo alikuwa na kazi yake ng'ambo ya kiwanja hicho, bandarini, maofisini au majumbani mwa watu, naye hakuwa na budi kukivuka asubuhi na jioni. Aliyeweza kununua baisikeli aliufupisha mwendo huo. Na chombo chenyewe kikawa dalili kwamba mwenyewe ana kazi ya mshahara.

Walakini mpanda baisikeli, ingawa alionekana barabarani kila siku, hakuwa na mahali pake barabarani. Watu wa mji walikuwa 128,742 mwaka 1957. Mwaka 1967 walifika 272,821, na mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Mji ulipokua hivyo, barabara zilipanuliwa kwa kuifikiria motokaa kwanza. Baada ya Azimio la Arusha nchi iliunda baisikeli zake yenyewe, zilizoitwa Swala; lakini kuunda chombo si kukitengenezea njia. Mabasi ya UDA yaliposhindwa kuwatosheleza wasafiri, daladala ziliruhusiwa mwaka 1983, na ukingo wa barabara, ambao ndio uliokuwa kimbilio la mpanda baisikeli, ukawa kituo cha kupakia na kushusha watu.

Jaribio la kwanza la maana la kurekebisha hali hiyo lilifanyika Temeke katika miaka ya 1990, kwa mradi ulioshughulikia pia Morogoro, na kwa upande wa Kenya, Nairobi na Eldoret. Vivuko vya waendao kwa miguu viliinuliwa ili magari yapunguze mwendo, na njia za baisikeli zikatengwa. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba usalama wa mnyonge haukutafutwa kwa kumwonya yeye ajihadhari, bali kwa kumlazimisha mwenye nguvu apunguze kasi.

Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi kutoka Kimara hadi Kivukoni, karibu na Magogoni, pamoja na tawi la kwenda Kariakoo. Sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro ilipata njia za baisikeli kandokando yake. Hapo mpanda baisikeli aliingia hatimaye katika ramani. Lakini njia yake ikashikwa na pikipiki, na meza za wachuuzi, na magari yaliyoegeshwa. Ajabu ni kwamba bodaboda wenyewe walirithi jina lao kutoka kwa waendesha baisikeli waliovusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda.

Haifai hata hivyo kumlaumu mchuuzi peke yake, maana naye, kama mpanda baisikeli, anatafuta riziki katika mji ambao haukumtengea mahali. Njia isiyo na mlinzi huwa mali ya awahiye kuikalia. Historia ya Kariakoo na Magogoni yaonyesha kwamba saruji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni sheria inayosimamiwa kila siku, na wachuuzi kupewa mahali pao. Muuza samaki afungaye tenga kwenye keria pale Feri, na mwenye guta aliyesheheni magunia Kariakoo, hawaendi matembezi: wanaulisha mji. Kuwapa njia si hisani. Ni kulipa deni lililolimbikizwa tangu Mnazi Mmoja ilipofanywa mpaka.