Mtazamaji kama Mhakiki: Hukumu za Filamu Kutoka Mahoo, Taveta

Mtu akitoka kwenye banda la vidio akasema, "Hii muvi ni ya uongo," msomi wa filamu humsikia kama mtu asiyejua kwamba hadithi hubuniwa. Nadhani anamsikia vibaya. Mtazamaji huyo amekaa saa mbili akimfuata stelingi, yaani shujaa wa filamu, anayeruka kutoka kwenye helikopta hadi juu ya behewa la treni, na hakunung'unika hata mara moja. Alinung'unika pale mama wa mtoto aliyepotea alipoingia kulala bila kubisha hodi kwa jirani yeyote. Ubunifu haumsumbui. Kinachomsumbua ni kitendo kisichozaliwa na hali ya mhusika. Ninachodai katika makala haya ni kwamba maoni ya aina hii ni uhakiki wenye vigezo vyake, na kwamba taaluma yetu imekawia mno kuyachukulia hivyo.

Mfano wangu ni Mahoo, wadi iliyo jirani na mji wa Taveta katika Kaunti ya Taita Taveta. Kwa upande wa magharibi kuna mpaka wa Holili na Kilimanjaro. Upande wa mashariki kuna mbuga ya Tsavo Magharibi na barabara ya kwenda Voi. Mtaveta, Mtaita, Mkamba, Mchaga na Mpare hukutana hapa, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Filamu nazo huingia kwa njia mbili. Kutoka Nairobi huja za Marekani, Uhindi na Uchina zilizotiwa sauti ya msimulizi DJ Afro. Kutoka Tanzania huja za Bongo, za waigizaji kama Steven Kanumba, ambaye kifo chake Aprili 2012 kiliombolewa pande zote mbili za mpaka. Zamani aliyetaka sinema ya jengo aliweza kuvuka hadi Moshi, mwendo wa kama kilomita 40, kwenye ukumbi wa Plaza. Siku hizi kuna simu, kuna runinga ya nyumbani, na kuna banda: mabenchi, pazia zito dirishani, spika kubwa kuliko chumba, na ubao nje ulioandikwa kwa chaki mechi za jioni na muvi za mchana. Hadhira ya banda haikai kimya. Anayejua filamu humwonya stelingi asifungue mlango, na asiyeijua humuuliza jirani yake kwa nini yule mzee alicheka.

Tabia hiyo haishangazi hata kidogo. Mwanafunzi wa shule ya sekondari hufundishwa kwamba katika fasihi simulizi hadhira ni sehemu ya utendaji: fanani huanza "Paukwa", na bila ya "Pakawa" hadithi haiendi. Katika miaka ya 1960 Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walihimiza kwamba maana ya matini hukamilishwa na anayeipokea akiwa na upeo wake wa matarajio. Wahakiki wetu waliipokea nadharia hiyo kwa ajili ya riwaya na tamthilia, lakini wakifika kwenye filamu huitupa. Huchambua dhamira ya mwongozaji, mwanga na kamera, na mtu aliyelipa kiingilio humgeuza kuwa takwimu ya mauzo.

Hali hii ina historia yake, na historia hiyo ilianzia ng'ambo ya mpaka. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao Vugiri, katika milima ya Usambara. Waliouongoza, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na uwekaji akiba, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati, zikiwa na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine kutoka kwenye sahani za santuri. Walitaka kujua watu wamezionaje, kwa hiyo maofisa waliripoti jinsi watazamaji walivyozipokea. Kwa hilo wanastahili heshima. Hata hivyo, swali lao lilikuwa moja tu: je, Mwafrika ameelewa? Swali la pili, kama filamu yenyewe ilistahili kueleweka vile, halikuwa na nafasi kwenye ripoti.

Baada yao alikuja William Sellers, aliyeongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939. Sellers alishikilia kwamba watazamaji wa vijijini wanahitaji filamu za mwendo wa polepole, zisizo na hila za kamera. Hadithi iliyorudiwa sana kuunga mkono fikra hizo ni ya mbu: watu wakaonyeshwa mbu aliyekuzwa hadi kujaza skrini, nao wakasema kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo, kwa hiyo jambo hilo haliwahusu. Waliokuwa wakisimulia walicheka. Mimi naiona kama hoja. Filamu ile ilikuja kudai kwamba kitu fulani kinaua watu. Ikakionyesha kitu hicho kwa umbo ambalo hakuna aliyewahi kulikuta. Na hadhira ikauliza uthibitisho uko wapi. Watu wa Taveta ni mashahidi wazuri katika jambo hili. Kuanzia 1954 hadi 1959 eneo lao, pamoja na Upare ng'ambo ya mpaka, lilikuwa chini ya Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta, na nyumba zao zilipuliziwa dieldrin ndani. Watu ambao kuta zao zilipuliziwa dawa kwa ajili ya mbu hawahitaji kuambiwa mbu ni nini. Wanahitaji aliyetengeneza filamu awe anamjua mbu kama wao.

Hadithi ya kuku ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. John Wilson, wa Chuo Kikuu cha London, alieleza jinsi wanakijiji walivyoonyeshwa filamu ya dakika kama tano kuhusu kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji wenyewe hawakujua kuna kuku. Ilibidi wapitie picha moja moja mpaka wakamkuta, amekatiza pembeni kwa muda wa sekunde hivi. Marshall McLuhan aliichukua hadithi hiyo katika kitabu chake cha 1962, akaifanya dalili kwamba watu wasiosoma hawaioni picha kwa ujumla wake. Mwanahistoria James Burns amekwisha kuonyesha jinsi nadharia hizi za utazamaji zilivyojengwa zaidi juu ya imani za maofisa kuliko juu ya watazamaji wenyewe. Ningeongeza hili: katika chumba kile, watu waliokuwa wameona kitu kilichokuwamo kweli ndani ya filamu ni wanakijiji, na waliokuwa hawajakiona ni wenye filamu. Mhakiki anayegundua jambo ambalo mtunzi hakujua ameliweka, katika fani nyingine tungempa shahada.

Sasa twende kwenye filamu inayomhusu Mtaita na Mtaveta moja kwa moja. *The Ghost and the Darkness*, ya mwaka 1996, iliongozwa na Stephen Hopkins, na mwandishi wake ni William Goldman. Inasimulia simba wawili waliowala wafanyakazi wa reli penye daraja la Tsavo, kaskazini-magharibi mwa Voi, mwaka 1898. Val Kilmer anacheza kama John Henry Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao Desemba mwaka huo. Michael Douglas anacheza mwindaji Mmarekani ambaye hakuwahi kuwapo. Ilipigwa Afrika Kusini, na sauti zake zikapata tuzo ya Oscar. Simba wa filamu ni madume yenye manyoya mengi shingoni. Simba wa Tsavo waliouawa na Patterson hawakuwa na manyoya hayo, na ngozi zao zimo katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, tangu miaka ya 1920, kwa yeyote anayetaka kuhakikisha.

Keti na filamu hii kati ya watu wa Mahoo na manyoya yatatajwa mapema. Kijana niliyeketi naye, anayelinda shamba la ndizi usiku, aliyataja ndani ya dakika chache baada ya simba kutokea: "Huyo si wa huku." Kisha akaendelea kutazama kwa makini yaleyale. Hakuikataa filamu, aliiwekea alama. Kilichomchosha kilikuja baadaye, nacho ndicho kinachonifanya niandike. Alitaka kujua wale waliokufa ni kina nani na kwao wapi. Skrini ilikuwa imejaa maiti, na karibu zote hazikuwa na jina.

Swali hilo linagonga mahali ambapo wanahistoria bado wanahangaika. Patterson alikuja kudai kwamba waliouawa walikuwa 135. Kumbukumbu za reli zilihesabu wafanyakazi 28, Wahindi. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2009, uliopima mifupa na nywele za simba hao, ulikadiria kwamba walikula watu kama 35. Na Patterson mwenyewe alikiri katika kitabu chake cha 1907 kwamba Waafrika waliouawa hawakuwekewa hesabu rasmi. Filamu ilirithi hesabu hiyo yenye pengo na haikufanya lolote kuliziba. Mlinzi wa shamba hakuwa amesoma Patterson. Alilihisi pengo kwa sababu anaishi mahali ambapo ndovu na simba wa Tsavo huingia mashambani, na ambapo jina la marehemu ndilo linaloanzisha dai la fidia: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imetaja shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama. Kwake yeye, kifo kwa mnyama ni jambo la jina, la familia na la karatasi zinazosubiriwa. Filamu ya simba isiyo na hayo imeacha kiini chake nje.

Tukikusanya hukumu kama hizi, vigezo vyake huanza kuonekana. Kikubwa ni kwamba tendo lazima lizae matokeo. Mtazamaji wa banda hana ugomvi na risasi zisizompata stelingi, maana huo ni mkataba wa kila hadithi ya shujaa, tangu zile za Fumo Liyongo. Ugomvi wake ni na muuaji anayesahauliwa na hadithi, deni lisilolipwa, mtoto anayetoweka katikati bila ya yeyote kumtafuta. Wengine wataita kigezo hiki maadili. Nakiona zaidi kuwa ni madai ya muundo: aliyefungua fundo alifunge.

Mhakiki wa kwanza wa banda ni yule anayesimulia juu ya filamu. Kenya ni DJ Afro. Tanzania alikuwapo Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Uganda ni kina VJ Jingo. Watafiti kama Matthias Krings wamewaandika vizuri kama wafasiri. Lakini sikiliza tena: msimulizi anamkemea polisi mzembe, anamsifu adui kwa akili, anapunguza urefu wa mapenzi yasiyokwenda popote kwa kuyazungumzia mengine. Anaihukumu filamu huku ikiendelea, na benchi humjibu. Likarion Wainaina alilielewa hili alipotengeneza *Supa Modo* mwaka 2018, ambamo banda la vidio la kijiji na msimulizi wake ndiko inakotoka imani ya kwamba kijiji kizima kinaweza kumtengenezea filamu mtoto mgonjwa. Wanakijiji wale wanajua filamu inavyofanya kazi kwa kuwa wamekuwa wakiibishia kwa miaka.

Yapo mapungufu na sitayaficha. Banda ni la wanaume na wavulana. Hukumu zake kwa wahusika wa kike mara nyingi ni kali na za haraka; mwanamke anayemwacha mume mlevi hupigiwa kelele kabla hajafika mlangoni. Anayesikiliza banda peke yake ataandika uhakiki wa nusu ya Mahoo. Nusu nyingine inazungumza kwingine: siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, penye mikungu ya ndizi na magunia ya vitunguu, wanawake walizichambua tamthilia za runinga ya Citizen, *Maria*, *Zora* na *Sultana*, kipindi kwa kipindi zilipokuwa zikionyeshwa, na mara nyingi wao ndio humtetea yule mwanamke aliyepigiwa kelele bandani. Wanazo sababu, na wanazitoa kwa kirefu: mahari ilirudishwa au la, watoto wamebaki na nani, shamba limeandikwa jina gani.

Serikali nayo imezoea kusema kwa niaba ya mtazamaji. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku *Rafiki* ya Wanuri Kahiu Aprili 2018. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Watu wakabishana hadharani wakiwa wameiona, wengine wakiipenda, wengine wakiikataa. Iwe mtu yuko upande gani, mabishano ya siku zile saba yalikuwa na uzito kuliko ya miezi iliyotangulia, kwa kuwa yaligusa mandhari, maneno na mwisho wa filamu yenyewe.

Kazi iliyo mbele inaweza kuanza kesho. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko Voi. Wanafunzi wake wanatoka kwenye vijiji hivi na wanazijua lugha zake. Wakae bandani na sokoni wakiwa na ruhusa ya wenyewe, warekodi mazungumzo ya baada ya filamu kwa Kiswahili, Kitaveta na Kitaita, wayaandike jinsi yalivyo bila ya kuyasanifisha. Wasiulize kama filamu imependeza, kwani swali hilo huzaa "iko poa" na mazungumzo yakafa hapo. Waulize filamu ilianza kudanganya wapi, nani alisahauliwa, na wewe ungeisimulia vipi. Katika swali la mwisho mlinzi wa shamba alinijibu bila ya kusita. Angeanza na msiba wa kibarua wa kwanza, nyumbani kwao, na simba asionekane mpaka watu wamejua waliomlilia ni kina nani.