Mawifi Wawili na Barua Zisizofunguliwa

Februari 26, 1821, kijana wa Kiingereza mwenye miaka 25 alizikwa katika makaburi ya Waprotestanti mjini Rome. Ndani ya jeneza lake ziliwekwa barua ambazo hakuwahi kuzifungua. Zilitoka kwa mchumba wake, Fanny Brawne, msichana wa miaka 20 aliyebaki Hampstead, pembezoni mwa London. Zilikuwa zimemfikia akiwa kitandani. Hakuthubutu kuzisoma, kuuona tu mwandiko wa huyo binti kulimzidi nguvu.

Marehemu ni John Keats. Wengi wetu tuliopita kwenye darasa la fasihi ya Kiingereza tulilazimishwa kumjua. Lakini leo simtaki sana yeye, namtaka huyo msichana. Kazi ya uandishi wa habari inakuzoesha kuuliza swali moja kila unaposoma kitu: hapa nani hajahojiwa? Barua za Keats kwa Fanny zipo, zaidi ya thelathini, zimechapishwa na kuchapishwa tena. Za Fanny kwa Keats hakuna hata moja iliyobaki. Yaani mapenzi ya watu wawili tumesimuliwa kwa sauti ya mmoja, na kwa sehemu kubwa huyo mmoja alikuwa mgonjwa anayekufa.

Walikutana mwaka 1818, na msiba ulikuwa umeshatangulia. Baba yake Fanny alifariki mwaka 1810 kwa kifua kikuu, akamwacha mjane na watoto watatu. Mwaka huohuo, ugonjwa huohuo ulimchukua mama yake Keats, na John, akiwa na miaka 14, ndiye aliyekuwa akimuuguza kila anaporudi kutoka shule. Baba yake alikwisha kufa tangu 1804 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Watoto wakawekwa chini ya mlezi, mfanyabiashara wa chai aitwaye Richard Abbey, mtu aliyeshikilia fedha za urithi wao kama vile ni za kwake.

Halafu akaja Tom. Huyu alikuwa mdogo wake Keats, na mwaka 1818 alikuwa na miaka 18, anakohoa damu katika chumba cha kupanga Hampstead. Kaka yao mwingine, George, alikuwa ameshahamia Marekani na mkewe. Aliyebaki kumtunza Tom ni John. Kuna kisa kimoja cha Tom ambacho wasimuliaji wengi hukipita haraka, mimi kinanikaa rohoni. Rafiki mmoja wa familia, Charles Wells, alimwandikia Tom barua za mapenzi za uongo kwa jina la msichana wa kubuni, "Amena." Tom akaamini. Kijana mwenye mapafu yanayoisha akampenda mtu asiyekuwepo. Keats alikuja kuzisoma barua zile mwaka 1819, Tom akiwa kaburini, na hakumsamehe Wells tena.

Nadhani ukitaka kuelewa kwa nini Keats baadaye alikuwa na wivu wa kuchosha, wivu wa kumshuku Fanny kwa kucheza dansi au kucheka na rafiki yake, usianze na tabia ya Fanny. Anza na Amena.

Fanny na Keats walionana nyumbani kwa majirani, familia ya Dilke, katika miezi ileile Tom anakata roho. Miaka mingi baadaye Fanny alieleza kwamba kijana yule alikuwa na mazungumzo matamu na moyo mchangamfu, isipokuwa pale wasiwasi wa mdogo wake ulipomshika. Ushuhuda huu ni mfupi, ila ni wake mwenyewe. Alikuwa na miaka 18, anajua kushona, anapenda mitindo ya nguo hasa, anasoma Kifaransa, na ana ulimi mwepesi. Keats naye, akimwandikia George, alimchambua kama mtu anayejifanya hajali: urefu wake, uso wake, pua, mikono, mwendo, akaongeza na maneno ya kumponda kidogo. Tunawajua wanaume wa namna hiyo. Mtu asiyejali hahesabu vidole.

Tom alifariki Desemba 1, 1818. Siku ya Krismasi Keats alikula chakula na familia ya Brawne. Nini hasa kilisemwa siku ile hatujaachiwa, lakini miaka mitatu baadaye Fanny aliikumbuka kama siku ya furaha kuliko zote alizokuwa ameziona mpaka wakati ule. Wiki tatu na ushee tu baada ya kifo. Penzi lao lilichipua juu ya udongo wa kaburi ambao haujakauka, na hawakulikimbiza.

Aprili 1819 likatokea jambo ambalo mtunga riwaya angeona aibu kulibuni. Keats alikuwa anaishi kwa rafiki yake Charles Brown katika jengo la Wentworth Place, nyumba mbili chini ya paa moja. Familia ya Dilke ikahama upande wa pili, na aliyepanga pale akawa mama Brawne na wanawe. Hivyo wakawa na bustani moja na ukuta mmoja katikati. Ndani ya miezi michache ya masika yale Keats aliandika sehemu kubwa ya mashairi yanayomfanya akumbukwe leo. Kiangazi akaondoka kwenda kisiwa cha Wight kuandika, akitafuta hela, na kutoka huko zikaanza zile barua. Vuli akarudi, wakachumbiana. Mama Brawne hakupiga vigelegele. Kijana hakuwa na kazi. Alikuwa amesomea utabibu katika hospitali ya Guy's, akapata leseni mwaka 1816, kisha akaiacha kwa ajili ya ushairi. Mzazi gani angecheka?

Ule utabibu haukumwacha, hata hivyo. Usiku wa Februari 3, 1820, alirudi kutoka mjini juu ya gari la farasi, amekaa nje kwa sababu nje ni nafuu, baridi imempiga. Alipopanda kitandani akakohoa, na tone la damu likadondoka kwenye shuka. Akamwomba Brown alete mshumaa. Akaitazama damu ile, akamwambia kwamba rangi yake anaijua, imetoka kwenye mshipa wa ateri, na kwamba hiyo ni hati yake ya kifo. Alikuwa amewauguza wawili. Hakuhitaji daktari wa kumtafsiria.

Daktari alikuja, akamtoa damu kwa kuchanja mshipa. Mtu katapika damu, dawa yake ni kumtoa nyingine. Pia akapewa chakula kidogo mno na kukatazwa msisimko, ambao kwa lugha ya wakati ule ulihusisha mashairi na mchumba. Basi Fanny upande mmoja wa ukuta, Keats upande wa pili, vikaratasi vinapita. Anamwomba apite bustanini ili amwone dirishani. Katika siku hizo za mwanzo Keats alimwambia yuko huru kuvunja uchumba. Fanny akakataa. Sentensi hiyo fupi, "akakataa," ndiyo ninayotamani ingekuwa na barua yake. Alikuwa na miaka 19, alishaona kifua kikuu kikimfanya mama yake mjane, na alijua anachokubali.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Ugonjwa ulimfanya Keats mkali, na baadhi ya barua zake za kiangazi kile zinauma kuzisoma: anamdai Fanny asicheke na mtu, asitoke, aishi kwa ajili yake tu. Watu huzisoma kama ushahidi wa penzi kubwa. Mimi naona pia msichana anayebebeshwa hofu ya kifo cha mtu mwingine, na hana ruhusa ya kulalamika kwa sababu anayembebesha anakufa kweli. Agosti, baada ya kugombana na wenyeji wake kuhusu barua ya Fanny iliyofunguliwa na mtu mwingine, Keats alijikokota mpaka mlangoni kwa kina Brawne. Mama Brawne, yuleyule asiyepiga vigelegele, akamwingiza ndani. Kwa karibu mwezi mzima Fanny na mama yake ndio waliomuuguza.

Madaktari wakasema aende Italia, kwenye jua. Fanny akamshonea kitambaa cha hariri ndani ya kofia yake ya safari, akampa na kijiwe cheupe cha akiki alichozoea kukishika kupoza mikono wakati wa kushona. Keats alikwenda nacho, na Rome alikuwa akikigeuzageuza mkononi saa nzima nzima. Aliondoka Septemba 13, 1820. Hawakuonana tena.

Ya Rome niyapitie upesi, yanajulikana. Meli ilizuiliwa bandarini Naples kwa karantini ya siku kumi, kisha chumba juu ya uwanja wa Piazza di Spagna, rafiki yake mchoraji Joseph Severn akimpikia na kumwosha, daktari James Clark akidhani tatizo ni tumbo na kumpa chakula cha dagaa mmoja na kipande cha mkate kwa siku. Akafa usiku wa Februari 23, 1821. Walipompasua, mapafu yalikuwa yamekwisha. Samani za chumba zikachomwa moto kwa amri ya sheria, kwa maana Waitaliano waliamini ugonjwa huu unaambukiza, wakati Waingereza wengi waliuona kama udhaifu wa kuzaliwa nao. Waitaliano ndio waliokuwa karibu na ukweli. Hilo halikuthibitishwa mpaka Machi 1882, Robert Koch alipotangaza mjini Berlin kwamba amemwona mdudu mwenyewe.

Na dawa? Streptomaisini ilipatikana mwaka 1943. Hapo tunaingia na sisi: tiba ya miezi sita, ile ambayo leo mgonjwa anaanzishiwa kwenye zahanati ya kata, ilithibitishwa kwa kiasi kikubwa na wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwenye majaribio yaliyofanywa na watafiti wa Afrika Mashariki na Uingereza. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1972. Kabla ya hapo tiba ilikuwa mwaka mmoja na nusu, na wengi waliikatiza njiani. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi shuleni karibu na mashairi ya Keats. Lingeyapa uzito mwingine.

Turudi Hampstead. Habari za kifo zilifika katikati ya Machi. Na hapa ndipo sauti ya Fanny inapopatikana, mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Keats alikuwa na dada mmoja mdogo, naye akiitwa Fanny. Alizaliwa 1803, kwa hiyo alikuwa na miaka 17, akiishi kwa yule mlezi Abbey, aliyemchunga kama mfungwa na kumbania hata ziara za kaka yake. Kabla hajasafiri, Keats alimwomba mchumba wake amwandikie dada yake. Barua ya kwanza iliandikwa siku chache baada ya kuondoka kwake. Fikiria: wasichana wawili wa jina moja, mmoja wifi wa mwenzake bila ndoa kufungwa, hawajazoeana, wanasubiri taarifa za mtu mmoja kutoka Italia, na posta inachukua wiki tatu.

Barua hizi ndizo zilizonibadilishia picha ya Fanny Brawne. Hazina machozi ya kupangwa. Anamficha mdogo ukali wa ugonjwa mwanzoni, kisha anaona haiwezekani, anamwambia. Baada ya msiba anamwandikia kwamba yeye hajapona na hatapona kamwe, na katika zilizofuata anaweza kuhamia kwenye mtindo wa mikono ya gauni, kitabu alichosoma, au njiwa wa mwenzake. Mtu aliyewahi kufiwa anaujua mchanganyiko huo. Huwezi kulia saa ishirini na nne, na nguo lazima ishonwe. Alikata nywele, akavaa nguo za mjane kwa miaka kadhaa, kama mtu aliyekaa eda ya ndoa ambayo haikuwepo.

Maisha hayakumhurumia. Mdogo wake wa kiume alikufa mwaka 1828, kwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata mama yao aliungua na kufa, nguo yake iliposhika moto wa mshumaa akimmulikia mgeni njia. Mwaka 1833 Fanny aliolewa na Louis Lindo, wakapata watoto watatu, wakaishi miaka mingi Ulaya bara. Alifariki 1865. Pete ya Keats, yenye kito chekundu, aliivaa mpaka mwisho, na barua zake alizitunza muda wote wa ndoa.

Mwaka 1878 barua hizo zikachapishwa, na wasomaji wakamgeukia marehemu. Eti alikuwa mwepesi, mpenda dansi, hakumstahili mshairi mkubwa. Ushahidi wao ulikuwa nini? Wivu wa Keats mwenyewe! Mgonjwa anashuku, miaka hamsini na minane baadaye shuku inasomwa kama hukumu. Mwaka 1885 zikapigwa mnada, Oscar Wilde akaandika soneti ya hasira juu ya mnada huo.

Wakati wote huo utetezi ulikuwepo, ndani ya sanduku. Fanny Keats aliolewa na Mhispania, Valentín Llanos, akahamia kwao, akazeeka na kufa Madrid mwaka 1889. Katika kuhamahama kote huko alikuwa amezibeba barua za wifi yake, zile za 1820 mpaka 1824. Zilichapishwa mwaka 1936, miaka 71 baada ya mwandishi wake kufa. Sasa zimo katika mkusanyiko wa jengo lilelile la Wentworth Place, Hampstead, ambako ukuta ulioitenganisha nyumba ya Brown na ya kina Brawne ulishatobolewa milango zamani, na mgeni anapita upande mmoja kwenda wa pili bila kusimama.