Kuta za Cyrene

Karibu na Bulawayo, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, pana kanisa la shule ambalo kuta zake, ndani na nje, zilipambwa kwa picha. Waliozichora ni wanafunzi wenyewe.

Shule hiyo ya Cyrene ilifunguliwa mwaka wa 1940 na Kasisi Edward Paterson kwa ajili ya wavulana wa Kiafrika. Ilipewa jina kwa kumkumbuka Simoni Mkirene, yule mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyeubeba msalaba. Paterson aliamuru kila mwanafunzi ajifunze kuchora, awe na kipaji au asiwe nacho. Wala hakutaka waige picha za Ulaya. Basi vijana wakachora waliyoyajua: majabali ya Matobo, nyumba za msonge, miti, wanyama, na watu wa vijijini kwao. Hata habari za Biblia wakazihamishia huko, na Kristo wakamchora Mwafrika. Jambo hilo si dogo, kwani siku zile nchi ilitawaliwa na walowezi, na wengi wao walidhani kwamba Mwafrika hana sanaa yo yote. Mmoja wa wachoraji hao, Sam Songo, hakuweza kutembea. Naye akawa mwalimu wa wenzake.

Mwaka wa 1949 picha za Cyrene zilionyeshwa London. Baadhi zilibaki Uingereza, zikasahauliwa kwa miaka mingi, hata zikaonyeshwa tena mjini humo mwaka wa 2020. Lakini picha za ukutani hazisafiri. Atakaye kuziona hana budi kwenda Cyrene.