Ganda la Elektrodi na Vyuma Vilivyolika

Elektrodi za kwanza za kuchomelea hazikuwa na ganda lolote. Mwaka 1888 mhandisi Nikolay Slavyanov wa Urusi aliyeyusha fimbo ya chuma kwa umeme na kuidondosha mahali palipoharibika. Tatizo lilikuwa hewa: oksijeni na naitrojeni ziliingia katika chuma cha moto, nacho kilipopoa kilijaa vitundu na kuvunjika upesi.

Oscar Kjellberg wa Sweden alikuwa akikarabati boila za meli, ambako ufa mmoja unaweza kuua watu. Alianzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, na mwaka 1907 akaomba hataza ya fimbo iliyochovywa katika uji mzito wa madini. Nchini Uingereza, Arthur Strohmenger alizungushia fimbo uzi wa asbestosi ya bluu, madini ambayo baadaye yalijulikana kuwa chanzo cha saratani. Katika miaka ya 1920 mashine zilianza kukamua ganda juu ya waya kwa shinikizo, na bei ikashuka.

Kila unga katika ganda una kazi yake. Mawe ya chokaa yakiungua hutoa hewa ukaa inayoifukuza hewa ya kawaida. Fluospa hulainisha mavi ya chuma yanayoelea juu na kupunguza haidrojeni, ambayo hupasua chuma kigumu. Potasiamu iliyomo katika feldspa hutuliza moto wa umeme. Rutaili hurahisisha kuwasha na hufanya mavi yabanduke kwa urahisi. Madini hayo ya rutaili yalichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, na kusafirishwa nje kuanzia mwaka 2014 hadi machimbo yalipofungwa mwishoni mwa 2024. Silikati ya sodiamu au ya potasiamu hugandisha unga wote pamoja.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokana na vifaa vinavyolika. Elwood Haynes wa Marekani alikwisha kuvumbua aloi ngumu ya kobalti na kromiamu, iliyopewa hataza mwaka 1907, na katika miaka ya 1920 ndugu wawili wa ukoo wa Stoody huko California walivika chuma kigumu kwenye keekee za kuchimbia mafuta. Lakini waya wa aloi ngumu ni ghali, na mwingine ni mgumu mno kuvutwa uwe mwembamba. Ganda ndilo lililotoa njia: waya ukabaki wa chuma laini cha kawaida, na ferokromu (aloi ya chuma na kromiamu) pamoja na kinywe (kaboni) vikachanganywa katika unga wa ganda. Vikiyeyuka pamoja, kromiamu hushikana na kaboni na kuunda kabaidi zinazostahimili mchanga na mawe. Ganda likawa nene kiasi kwamba uzito wa chuma kinachobaki juu ya kifaa unaweza kuzidi ule wa waya.

Ndivyo yanavyorudishwa kazini meno ya katapila, majembe ya plau na nyundo za kusagia mawe. Tabaka la chuma kigumu linalovikwa hupata nyufa nyembamba linapopoa, jambo linalotarajiwa, kwa hiyo kwa kawaida mafundi hawazidishi tabaka mbili au tatu. Elektrodi zenye ganda la chokaa zikinyonya unyevu hukaushwa kwanza katika tanuri kwa nyuzi 300 hivi za Selsiasi.