Kodi ya deni la rehani lililosamehewa

Suala hili humkuta mdaiwa anayeuza nyumba ya rehani kwa bei isiyomaliza deni, kisha benki ikamsamehe salio. Marekani ilitunga sheria mahsusi mwaka 2007 kuwanusuru wenye nyumba za kuishi. Tanzania inatumia kanuni za jumla.

Kodi ya mauzo

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 hukokotoa ongezeko la mtaji kwa kutoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha kwenye bei ya kuuzia. Deni halimo katika hesabu hiyo. Tuseme nyumba ya kupangisha mjini Bariadi ilijengwa kwa shilingi milioni 40, deni likafika milioni 60, ikauzwa milioni 50. Fedha yote inaishia benki na muuzaji hashiki hata senti, lakini mbele ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) amepata ongezeko la milioni 10. Mkaazi hutozwa 10%, yaani milioni 1, na hati haihamishwi mpaka kodi hiyo ilipwe.

Aliyemiliki na kuishi katika nyumba yake miaka 3 au zaidi husamehewa ongezeko lisilozidi milioni 15. Ugumu uko kwenye ushahidi wa gharama: matofali ya kuchoma hununuliwa kwa tripu, fundi hulipwa mkononi, na risiti hakuna. Tangu 2022 mkaazi asiye na kumbukumbu za gharama anaweza, badala ya 10% ya ongezeko, kulipa 3% ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, kutegemea ipi ni kubwa. Kwa aliyeuza kwa hasara, nafuu hiyo ni chungu.

Salio

Mkopo ukiwa wa biashara, deni lililosamehewa huingia katika mapato ya biashara. Mwajiri akimfutia mfanyakazi deni, hiyo ni sehemu ya mapato ya ajira. Benki kuondoa mkopo chechefu (usiolipwa ipasavyo) vitabuni mwake si msamaha. Mdaiwa bado anadaiwa mpaka apewe barua ya kumwachilia.

Simiyu

Bariadi ya mfano wa hapo juu ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Nje ya miji ardhi nyingi ni ya vijiji, inayomilikiwa kimila. Shamba la pamba lenye thamani ya soko chini ya milioni 10, lililolimwa angalau miaka 2 kati ya 3 kabla ya kuuzwa, halitozwi kodi ya ongezeko la mtaji.